Mutesheni imepotea ama imejaa kila mahali? Pa kuanzia kutafuta shida

Hii ni ya watu wa benchi ya maabara, wale mnafuatilia mutesheni (mabadiliko ya jeni) za wagonjwa wa kansa kwa PCR, yaani kunakili kipande cha DNA hadi kionekane, ama kwa sikwensi, yaani kusoma herufi za DNA, hapa Nairobi, na haipiti wiki kabla ya tokeo moja kukataa kueleweka. Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachoona kwenye skrini, alafu tunarudi nyuma hadi chanzo. Na mara nyingi chanzo hakiko kwa mashine hata kidogo. Kiko kwa tyubu, kwa fomalini, kwa masaa damu ilikaa mahali ikingoja mtu, na kwa swali moja ambalo watu hawapendi kuuliza: hapa ndani nimeangalia kopi ngapi za jeni? Hasi ya kopi 30,000 na hasi ya kopi 400 hazifanani kamwe, hata kama ripoti zote mbili zimeandikwa neno lile lile.

BCR-ABL1 haionekani, lakini ABL1 nayo imeanguka

Nitakaa hapa kidogo juu ndipo wagonjwa wanaumia kimya kimya. CML, aina ya kansa ya damu (leukemia), inatokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande, jeni ya BCR na ya ABL1 zikaungana kuwa BCR-ABL1. Ile kromosomu fupi isiyo ya kawaida ilionekana Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni vipande vimehamiana. Imatinib, dawa ya CML, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001, na tangu hapo mgonjwa anaishi miaka na miaka, sisi tunampima damu kila baada ya miezi mitatu hivi kuona ile RNA (nakala inayotolewa na jeni) ya BCR-ABL1 imebaki kiasi gani ukilinganisha na jeni ya kontroli, ambayo kila sampuli inafaa kuwa nayo, mara nyingi ABL1.

Malengo mnayajua: 0.1% kwa Skeli ya Kimataifa (kipimo kimoja cha maabara zote), alafu 0.01% ambayo ni MR4, alafu 0.0032% ambayo ni MR4.5. Kinachosahaulika ni kwamba kusema MR4 kwa sampuli isiyoonyesha chochote unahitaji angalau kopi 10,000 za ABL1, na MR4.5 unahitaji 32,000. Sasa mtu anapata ABL1 kopi 600, BCR-ABL1 sifuri, anaandika "haijaonekana", daktari anafurahi, mgonjwa anaambiwa yuko sawa na pengine hata wanaanza kuongea kuhusu kuacha dawa. Hiyo sampuli haikusema kitu. Iite sampuli iliyofeli, omba ingine.

Mbona ABL1 imeanguka? Anza na simu wodini kabla ya kufungua sanduku la vitendanishi, na uliza hadi upate saa, usikubali siku peke yake:

"Sista, hii damu ya CML ilitolewa lini?"
"Jana."
"Jana saa ngapi?"
"Asubuhi, kitu saa nne. Ikangoja mtu wa boda hadi jioni, sijui alifika kwenu saa ngapi."

Hapo umepata jibu nusu. RNA haingoji mtu, na damu inafaa iwe imeshughulikiwa ndani ya siku moja, siku moja na nusu ikizidi sana. Zile zinazokuja kwa paseli ya basi kutoka Kisumu ama Mombasa, zikafika River Road usiku na kuchukuliwa asubuhi, zinaweza kuwa sawa kama zilitolewa siku hiyo hiyo ya safari, lakini kama zilitolewa Ijumaa zikasafiri Jumapili usijisumbue. Ongea na kliniki watoe damu kati ya Jumatatu na Jumatano. Hii peke yake itakusaidia kushinda kununua enzaimu mpya.

Alafu angalia kifuniko. Zambarau ni EDTA, hiyo ndiyo unataka. Kijani ni heparini na heparini inakaba PCR, na kuosha RNA mara ya pili huwa haitoshi kuitoa. Kuna watu huhamisha damu kutoka kijani kwenda zambarau ndio isirudishwe, na hiyo huwezi kuijua kwa macho, lakini kuna njia ya kuikamata: chukua cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka kwa RNA), ipunguze mara kumi, uipime pamoja na ile isiyopunguzwa. Kama mambo ni safi Ct, yaani mzunguko wa PCR ambapo ishara inaanza kuonekana, inafaa kupanda kwa 3.3 hivi. Ikipanda kidogo tu, ama ishuke, kuna kitu kinakaba humo ndani. Kama imepanda sawasawa na bado kopi ni chache, basi RNA yenyewe ni kidogo ama imeoza, na hakuna ujanja wa mashine utakaoirudisha.

Kuna chanzo kingine kinachochanganya watu, seli zikiwa nyingi kupita kiasi. Mgonjwa mpya ana seli nyeupe 200,000, wewe unaweka ujazo ule ule unaowekea kila mtu, koloni ya kuchujia RNA inaziba, RNA inatoka kidogo na chafu. Kwa mgonjwa kama huyo punguza damu, usiongeze.

ABL1 iko vizuri kabisa, BCR-ABL1 hasi, na mgonjwa ana kila dalili ya CML

Hapa usishuku sampuli kwanza, shuku praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR pa kuanzia. Vifaa vingi vinatafuta aina za muungano za e13a2 na e14a2 peke yake (herufi na namba zinaonyesha eksoni, yaani vipande vya jeni, za BCR na ABL1 zilizokutana), yaani ile protini ya p210. Kuna wagonjwa wachache wenye e1a2 ya p190, wengine e19a2 ya p230, na kuna wale ambao muungano umeruka eksoni ya 2 ya ABL1, kwa hivyo kama probu yako (kipande kinachotoa ishara) imekaa hapo hapo kwa eksoni ya 2 hutaona kitu hadi kesho. Ndio maana aina ya muungano inafaa kujulikana siku ya kwanza, kabla dawa haijaanza, na iandikwe kwa faili ya mgonjwa. Ukipewa mgonjwa wa miaka miwili ambaye hakuna anayejua alikuwa na aina gani, na sasa hana kitu cha kuonekana, huna njia ya kutofautisha dawa kufanya kazi na praima kutofanya kazi.

Asilimia imepanda ghafla

BCR-ABL1 ya mgonjwa ilikuwa 0.05, sasa 0.12, kila mtu ameshtuka. Tulia. Kwa viwango vya chini hivyo tofauti ya mara mbili inaweza kuwa ni upimaji tu, ABL1 ikiwa chache ndio mbaya zaidi. Uliza kama vipimo vyote viwili vimetoka maabara moja, juu kila maabara ina kigezo chake cha kugeuza kwenda Skeli ya Kimataifa, na ambayo haijawahi kulinganishwa inatoa namba isiyoweza kuwekwa kwa grafu moja na ya jirani. Rudia baada ya wiki chache.

Lakini ikipanda mara kumi hiyo si kelele. Swali la kwanza ni la dawa: alienda ushago Desemba zikaisha? Anaruka siku juu ya kichefuchefu? Muulize kwa upole, mtu akihisi anashtakiwa atakwambia anameza kila siku. Akishasema ukweli na dawa kweli anameza, hapo ndio unatafuta mutesheni ndani ya ABL1 yenyewe. Mbaya inayojulikana ni T315I, ambayo inashinda imatinib, dasatinib na nilotinib zote, mgonjwa anahitaji kitu kama ponatinib ama asciminib. Kumbuka sikwensi ya Sanger inaona mutesheni ikishafika kama asilimia 15 hadi 20 ya kopi, kwa hivyo "hakuna T315I" ya Sanger inamaanisha hakuna nyingi.

Kontroli ya maji imewaka

Hiki ni kile kisima ulichoweka maji badala ya sampuli. Maji hayana kansa, kwa hivyo kuna kitu kimeingia. Angalia Ct. Ikiwa 25 umeweka sampuli kwa kisima kisicho chake, rudi kwa karatasi ya mpangilio. Ikiwa 37 au 38 na inatokea run baada ya run, ni uchafu unaozunguka chumbani, na mara nyingi unatoka kwa moja ya mahali mbili: plasmidi ya stendadi (DNA ya kulinganishia) yenye kopi milioni iliyofunguliwa karibu na tyubu za sampuli, ama bidhaa za PCR za jana zilizofunguliwa kwa meza ile ile.

Tupa praima na maji yaliyofunguliwa, usianze kuchunguza moja moja kama ni vya bei ya kawaida. Meza na pipeti pangusa na Jik iliyochanganywa ifike 0.5%, yaani kama chupa inasema 3.5% ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, iache dakika kumi, alafu pangusa na maji safi juu Jik inakula chuma. Na tafadhali, Jik isiguse bafa zenye guanidini za kutolea RNA na DNA wala taka zake, inatoa gesi ya sumu. Nimeona ndoo moja ya taka ikipokea vyote viwili na kila mtu chumbani akiendelea na kazi.

Vyumba vyetu ni vidogo, najua, si kila mtu ana vyumba vitatu vya kutenganisha hatua. Lakini koti la upande wa bidhaa haliwezi kurudi upande wa maji siku hiyo hiyo, na stendadi ziwekwe za mwisho, tyubu zingine zote zikiwa zimefungwa. Hiyo haihitaji pesa.

Bloku ya parafini inatoa DNA lakini PCR haifanyi, ama inafanya na mutesheni ziko kila kona

Uvimbe ukitolewa theata, kabla ya kuwekwa kwa nta ya parafini, unafaa kukaa kwa fomalini ya 10% iliyo na bafa, ujazo mara kumi wa nyama yenyewe, kati ya masaa 6 na 72. Kinachokuja huku mara nyingi ni kipande kikubwa kimesukumwa kwa chupa ndogo, fomalini imefunika nusu, na haina bafa, mtu amechanganya ile kali na maji ya mfereji. Isiyo na bafa inageuka asidi na DNA inakatika vipande vidogo. Usiamini namba ya kifaa cha kupima wingi peke yake, inaweza kukwambia una DNA nyingi na yote ni makombo. Jaribu PCR ya kipande kifupi cha bezi 100 na kirefu cha 300. Kifupi kikitoka na kirefu kikikataa, chagua njia yenye amplikoni (vipande vinavyonakiliwa na PCR) fupi na uache kulaumu vitendanishi. Mfupa ulioloweshwa kwa asidi ili ulainike usiupe hata nafasi kama kuna sampuli ingine, na waambie patholojia siku zijazo watumie EDTA kulainisha, inachukua muda lakini DNA inabaki.

Sasa zile mutesheni nyingi. Fomalini inaondoa amino kwa sitosini (herufi C ya DNA), inakuwa urasili, mashine inasoma T. Kwa hivyo ukiona orodha ndefu ya C kuwa T na G kuwa A (ile ile ikisomwa upande wa pili wa DNA), zote kwa asilimia 1 hadi 5, hiyo ni fomalini inaongea. Shida ni kwamba mutesheni ya T790M ya jeni ya EGFR ni C kuwa T, na G12D ya jeni ya KRAS ni G kuwa A, yaani uchafu unaweza kuvaa sura ya mutesheni yenye maana na mtu akabadilishiwa dawa bure. Tibu DNA na enzaimu ya UDG kabla ya PCR, inatoa urasili nyingi ingawa zile sitosini zilizokuwa na methili zinageuka T moja kwa moja na UDG haizigusi. Alafu rudia kutoka kwa DNA mpya ya bloku hiyo hiyo. Mutesheni ya kweli itarudi mahali pale pale, ya fomalini itahama.

Na ikiwa shida ni kinyume, hakuna mutesheni na daktari anaapa lazima iwepo, shika slaidi ukae na mwanapatholojia muhesabu seli za kansa. Kama ni asilimia 20 ya seli zote, na kila moja ina kopi moja mbaya na moja nzuri, mutesheni itakuwa asilimia 10 tu ya DNA. Sanger haitaiona. Kwangua ile sehemu yenye kansa peke yake, usikate bloku nzima ukaitumbukiza.

Plazma: hasi ambayo si hasi

Plazma ni ule umajimaji wa damu bila seli. DNA ya uvimbe inayoelea humo ni vipande vya bezi 166 hivi, na haidumu, nusu yake inapotea ndani ya masaa mawili hivi au chini. Kwa tyubu ya EDTA una masaa machache tu kabla seli nyeupe zianze kupasuka na kumwaga DNA yao nzima, inayofunika ile unayotafuta. Zungusha kwa sentrifuji mara mbili, kwanza polepole kwa 1,600 g, hamisha plazma bila kugusa ile safu ya seli nyeupe, alafu kwa kasi ya 16,000 g. Kama kliniki iko mbali, tyubu zenye dawa ya kushikilia seli ndizo zinafaa japo bei yake inauma, lakini hizo usiziweke kwa friji wala kwa barafu.

Utajuaje kama imeharibika? Pitisha kwa elektroforesisi ya chipu, inayopanga DNA kwa urefu. Mlima mmoja pale 166, safi. Ukiona mlima mwingine mkubwa upande wa kulia, bezi elfu na zaidi, hiyo ni DNA ya seli nyeupe. Asilimia ya mutesheni utakayopata hapo imeshushwa na haina maana ya kulinganisha na ya mwezi uliopita.

Sasa hesabu. Kopi moja ya jenomu ya binadamu ina uzito wa pikogramu 3.3. Nanogramu 10 ni kopi 3,000 hivi. Mutesheni ikiwa 0.1% unatarajia kopi 3 kwa tyubu nzima, na kwa bahati tu mara 5 kati ya 100 utachota sifuri. Ukiwa na nanogramu 3 unatarajia kopi moja, na hapo utakosa zaidi ya mara 36 kati ya 100, mashine ikiwa timamu kabisa. Ni kama kutafuta haragwe moja kwa sufuria ya githeri na umepewa kijiko kimoja. Mtengenezaji akikwambia kifaa chake kinaona 0.1%, muulize kwa DNA kiasi gani.

Kuna kipimo cha bure ndani ya kipimo ambacho watu wanakipita. Mgonjwa wa mapafu ana ufutaji wa eksoni ya 19 ya EGFR, unaojulikana kutoka kwa nyama. Dawa imeacha kufanya kazi, unatafuta T790M kwa plazma ndio apewe osimertinib, dawa ya T790M. T790M hasi. Angalia ule ufutaji wa eksoni ya 19: unaonekana? Ukionekana, hasi yako ina uzito. Usipoonekana, uvimbe haumwagi DNA ya kutosha damuni na hujapima kitu, andika hivyo hivyo na upendekeze biopsi.

Upande wa pili ni mutesheni zisizo za kansa yenyewe. Watu wazima wenye umri wana makundi ya seli za damu yenye mutesheni za jeni kama DNMT3A, TET2, ASXL1, hata TP53 na JAK2, bila ugonjwa wowote. Zinaingia kwa plazma na zinaonekana kama za uvimbe. Ile safu nyeupe uliyoikwepa usiitupe, toa DNA yake uisome pia, kilicho kwa zote mbili ni cha damu.

Run nzima ina mutesheni ile ile kidogo kidogo

Kama mgonjwa mmoja ana KRAS kwa asilimia 40 na wengine wote wanayo kwa 0.1 au 0.2, ni bakodi (alama za DNA za kutambulisha kila sampuli) zinarukiana ndani ya mashine ama tyubu zimemwagikiana. Tumia bakodi mbili za kipekee kwa kila sampuli, zile za zamani za mchanganyiko, ambazo sampuli hushiriki bakodi, haziwezi kugundua kuruka huko. Kwa ile PCR ya matone, inayogawa sampuli kwa matone madogo, kagua idadi ya matone kwanza, unafaa kupata karibu 20,000, ukiwa chini ya 10,000 usisome hata grafu.

Na kama mutesheni unayoijua haipo kabisa kwa faili, angalia toleo la jenomu, ile ramani ya DNA nzima ya binadamu. Mutesheni ya L858R ya EGFR iko chr7:55259515 (yaani kromosomu ya 7, herufi ya 55259515) kwa toleo la zamani, GRCh37, na chr7:55191822 kwa lile jipya, GRCh38. Mtu akitafuta kwa anwani ya zamani atasema haipo.

Programu inaita kila kitu mutesheni mpya

Programu huchuja tofauti za kuzaliwa kwa kulinganisha na hifadhidata, na hizo zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Mgonjwa wa Kitui au Turkana ana tofauti nyingi za kawaida ambazo hazimo, kwa hivyo zinapita kichujio na kuhesabiwa kama za uvimbe. Ishara ni asilimia inayokaa karibu na 50 ama 100. Dawa yake ni ile ile, soma damu ya mgonjwa mwenyewe kando ya uvimbe wake. Tofauti hizo hizo zikikaa chini ya mwisho wa praima zinaweza kuangusha kopi moja nzima, kwa hivyo mtu ambaye kopi zake mbili hazitofautiani hata mahali pamoja kwa eneo fulani pia mshuku, badilisha praima uone.

Yaliyobaki

Stima ikipotea katikati ya run usiendeleze kutoka ilipoachia, anza upya kama DNA ipo. Weka UPS kwa mashine hata kama kuna jenereta, zile sekunde kabla haijawaka zinatosha kuua run. Vitendanishi vikifika vimekaa sana airport fungua sanduku ukiwa na shahidi, kama barafu kavu imeisha piga picha na usiweke enzaimu kimya kimya kwa friza. Na protokali ikisema chemsha kwa 100°C, hapa mita 1,795 juu ya bahari maji yanachemka kwa 94 hivi, tumia bloku kavu ya joto.

Sampuli ikikuletea matokeo ya mtu mwingine, kwa mfano EGFR iliyokuwepo imegeuka KRAS, kabla ya kusema kansa imebadilika kagua kama ni mtu yule yule. Majina yanafanana sana huku, Wanjiku wawili siku moja si ajabu. Angalia kama kuna kromosomu Y kwa sampuli ya mwanamke, alafu linganisha tofauti ishirini hivi za kuzaliwa kati ya sampuli ya zamani na mpya. Zisipolingana, zuia ripoti zote mbili, si moja, juu kama huyu amepata ya yule, kuna uwezekano yule naye amepata ya huyu.